Moshi wa Sir

Jumapili, 3 Februari 2019

Gari nimeliosha kabla ya saa kumi na mbili. Nusu saa baadaye tumetoka Mirdif: Maryam, binti wa sir, nyuma na begi lake, sir mbele kando yangu. Huku kwa Waarabu wiki ya kazi huanza Jumapili: kwanza shuleni, halafu namshusha sir ofisini Oud Metha. Hivyo hivyo kila siku, mwaka wa nne sasa.

Hatujafika hata mzunguko wa kwanza, sir ameshatoa sigara yake ya umeme. Kidude kama flash ya kompyuta. Ananyonya, anapuliza, gari zima linanuka tikiti maji. Maryam ana miaka minane na ana pumu. Amekohoa hadi getini. Sir ameongeza sauti ya redio.

Nikauliza kwa adabu kama ile ni sigara. "No, Salim. Maji tu." Maji! Nimekunywa maji miaka arobaini na moja, sijawahi kuyatoa puani.

Jumatatu, 4 Februari

Nimesoma sheria kwenye simu nikimsubiri Maryam. Kiingereza cha mawakili, kamusi pembeni. Kuvuta sigara ndani ya gari lenye mtoto chini ya miaka kumi na miwili ni marufuku. Hapo sawa. Kuhusu vidude vya umeme, kila tovuti na lake. Moja inasema moshi. Moja inasema mvuke. Ya tatu inauliza kama nataka kununua.

Nikamuuliza Wasswa, Mganda anayelinda geti la shule. Anajua kila kitu, na nusu yake ni kweli. "Polisi haiulizi moshi wa nani, ssebo. Inaangalia nani ameshika usukani."

Leseni ni yangu. Viza yangu inaisha mwisho wa mwezi. Pasipoti iko kwenye droo ya sir, na sir ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza hiyo. Basi mimi ndiye wa kumwambia azime?

Jumatano, 6 Februari

Madam, mke wa sir, alipanda leo. Alinusa mara moja tu, akauliza kama navuta ndani ya gari lake. Nikasema ni manukato mapya ya gari. Uongo wa kijinga. Hayapo, na angegeuza shingo angeona hayapo. Najichukia. Namfichia mtu ambaye hata hajaniomba.

Harufu nitaiondoa mwenyewe. Zuhura, dada wa kazi, mtu wa Tanga, amenipa chetezo chake kidogo, mkaa na udi. Kwetu Mombasa nguo zinafukizwa, kitanda kinafukizwa, nyumba nzima inafukizwa. Gari lina ubaya gani?

Alhamisi, 7 Februari

Lina ubaya.

Nimeegesha nje ya shule, chetezo sakafuni mbele, vioo vyote juu. Udi unataka kufungiwa, ndivyo mama alivyofanya na nguo zetu. Mimi nje kivulini, nimejaa sifa kwa akili yangu. Darasa la Maryam likatoka mapema. Alipitia upande wa pili, akafungua mlango, akaingia, akajifungia. Nilipomfikia hakuwa na pumzi ya kulia.

Nikambeba nikamtoa nje. Wasswa akaona moshi, akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akamwaga povu lote juu ya viti vya ngozi. Nesi wa shule akampa Maryam dawa ya kupuliza. Yuko salama, alhamdulillahi. Mimi nimeshindwa kula.

Madam akafika. Alifungua dashibodi kuchukua dawa ya akiba, mkono ukatoka na kidude cha sir. Baada ya magharibi tukaitwa sebuleni. Sir akasema ni cha dereva. Alisema akitazama zulia. Mimi nikalitazama zulia hilo hilo.

Madam akasema khalas, imetosha, mwisho wa mwezi unarudi kwenu.

Jumamosi, 9 Februari

Hasira tupu. Kwa udi nastahili kufukuzwa, sibishani. Kwa tikiti maji, hapana.

Zuhura alinikuta nikisugua povu kwenye mikanda. "Kaka Salim, huo mdomo umeubebea nini? Wali tu?" Rahisi kwake kusema. Nikimtaja sir, viza sipati. Nisipomtaja, sipati vilevile. Nimeligeuza kila upande, pande zote zinafanana.

Na kinachonichoma si kurudi nyumbani. Atakuja dereva mwingine, sir atakaa palepale mbele, na Maryam nyuma.

Jumanne, 12 Februari

Madam peke yake leo. Kliniki ya Oud Metha, dawa za Maryam. Foleni ya magari haisogei. Nikasema kabla ujasiri haujapoa: udi ulikuwa wangu, kosa ni langu, nisamehe madam. Kile kidude si changu, na kinapulizwa kila asubuhi Maryam akiwa ndani. Nikampa simu asome sheria mwenyewe.

Aliisoma kwa taa mbili nyekundu. Nilishajiona uwanja wa ndege na sanduku.

"Najua si chako, Salim. Chumbani kwangu napo kuna dereva?"

Sikucheka. Nilitaka sana. Akarudisha simu, akasema ya chumbani alikuwa anayajua, ya mtoto hakuyajua. Alitaka mtu wa kumfukuza, na mume hafukuzwi. Akasema hivyo hivyo, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Jumanne, 19 Februari

Madam amenibakiza, viza imetoka. Miaka miwili. Sir mwenyewe aliniletea pasipoti niuone ukurasa, kisha akairudisha kwenye droo. Ya sebuleni hakuna aliyeyataja.

Maryam anapanda basi la shule tangu Jumapili. Zuhura anasema hakohoi tena.

Kwa hiyo sheria haina neno na gari letu. Ndani hamna mtoto.

Asubuhi tulikuwa wawili. Sir alitoa kidude, akasita, akaniuliza kama kinanisumbua. Miaka minne, ndiyo mara yake ya kwanza kuniuliza kitu kisichohusu barabara. Nikasema hapana, sir.

Baadaye kidogo nikashusha kioo, upana wa kidole. Akasema baridi ya AC inapotea. Nikakipandisha.