Viatu vya Mama

Tseikuru, 14 Machi 1988

Kwako kaka Muthengi, daktari wa dukani Mwingi,

Sisi tuko, mvua bado. Viatu ulivyomtumia Mama vimefika, vyeusi, vizuri kweli.

Nasikia zile kapsuli zako za rangi mbili zinauzika sana. Hongera. Hapa umetufundisha: moja ya kikohozi, moja ya tumbo, nyingine ifunguliwe unga unyunyizwe kwa kidonda, na maumivu yakipoa basi, zilizobaki ziwekwe. Mbuzi wanapewa. Kuku wanawekewa kwa maji. Hakuna kiumbe hujatibu, wewe ambaye hata karatasi ya dawa hujawahi kuisoma.

Mwiba ulimdunga Mama mguu wa kulia. Akanyunyiza unga wako mpaka kidonda kikanuka. Hospitalini walimdunga dawa hii, wakajaribu ile, zote zikashindwa. Daktari, yule aliyesoma, alisema wadudu wa kidonda wameshazizoea dawa. Walizizoea wapi, hakujua. Mimi najua.

Kiatu cha kushoto kinamtosha. Cha kulia hana tena pa kukivaa, nakurudishia. Kiweke dirishani karibu na kapsuli zako, wateja wakione.

Ni mimi dada yako,
Kavutha