Mashine ya Joto Chumbani kwa Butoyi

Jumatatu, 2 Juni

Nimechota maji, nimewasha jiko, nimezunguka mlango kwa mlango kama kila siku. Bibi, mama mkwe wangu, ameamka salama, mgongo ni ule ule, anauliza kama nimelala. Nimemwambia nimelala. Uongo. Baba Bukuru, mume wangu, ameamka, ameshakwenda kwenye tanuru lake la matofali. Mbuzi mzima, anakohoa. Kuku wazima.

Mwanangu Butoyi hakulala. Magoti na mgongo. Baridi ya Juni imeingia, na ugonjwa wake wa selimundu na baridi haviwezani. Damu inagoma kupita, mifupa inauma. Nimemkanda kwa maji ya moto. Analia kwa sauti ndogo, kwa Kiha, "mawe, mawe," yaani mama. Na huyo mama anayeitwa ni mimi, nipo pale pale, sina la kufanya.

Bado watu wananiita Mama Bukuru. Bukuru ndiye pacha wa Butoyi, aliyetangulia kuzaliwa, akatangulia na kuondoka. Ugonjwa huu huu, baridi hii hii. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Shule zimefungwa. Kaka yangu Damiani amepiga simu kutoka Dar. Hoteli anayofanya kazi inabadilisha viyoyozi, amepewa kimoja. Kinatoa baridi na kinatoa joto pia. Kule kwao hakuna aliyewahi kukiwasha joto. Atakituma kwa basi.

Baba Bukuru akasema la moyoni mwake. Mashine ikisaidia, sawa. Isiposaidia, Butoyi ahamie Dar kwa mjomba wake kabla shule hazijafunguliwa. Akakae kwenye joto. Alisema polepole, kama mtu aliyelifikiria muda mrefu. Nikaendelea kusonga ugali.

Akishikwa na maumivu huko, nani atajua kwamba goti la kushoto haliguswi kwanza?

Jumanne, 10 Juni

Mashine imefika. Fundi Rajabu ameipokea Kasulu, ana duka la kutengeneza friji pale, akaja nayo hadi hapa Kibondo. Mtaa mzima ulikuwa uani. Mama Shabani wa nyumba ya pili akasema, "Mama Bukuru, watu wote tumevaa makoti, wewe unaletewa baridi kwa basi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika.

Mashine ni vipande viwili. Kimoja ndani ukutani, kingine nje, juu ya pale kuku wanapoota jua. Ubavuni kuna karatasi yenye namba. Baba Bukuru akasoma ile kubwa, elfu tisa, akaguna. Eti shemeji wa mtu fulani Kasulu anayo ya elfu kumi na nane, hii ni ya watoto.

Fundi akakaa juu ya ndoo akatueleza taratibu. Namba si ukali wa moto. Mashine ni mchukuzi, namba ni mzigo wa joto anaoweza kubeba kwa saa moja. Namba ya kwanza ni ya kulitoa joto nje, chumba kipoe. Ya pili, iliyoandikwa chini yake, ni ya kuliingiza ndani. Sisi tutazame ya pili. Nikauliza kama baridi yetu haitamshinda. Akasema ile namba ya joto huipima kwa baridi kali kuliko hii ya kwetu, kwa hiyo hapa atabeba bila shida. Na mchukuzi mkubwa kupita kiasi kwenye chumba kidogo hafai, atawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na nyaya zetu zitalia.

"Kwa chumba hiki inatosha, mama. Tena nguvu inabaki."

Nimeyashika hayo maneno. Inatosha.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu. Kwenye rimoti kuna picha ya jua na picha nyingine, kama ua lenye ncha sita. Bibi akasema ua ni zuri, bonyeza ua. Nikabonyeza. Chumba kikawa kama mtoni alfajiri. Butoyi akatoka na blanketi kichwani, anacheka na kutetemeka, akasema lile ni barafu. Mimi barafu ninayoijua ni ya kwenye mfuko, haina ncha.

Sasa nimeweka jua. Upepo wa moto unatoka kweli, mkono unausikia. Nikafungua dirisha kidogo, kama kawaida penye moto, nikaenda kulala na moyo mweupe.

Alhamisi, 19 Juni

Chumba hakipati joto. Ukisimama chini ya mashine, raha. Kitandani, baridi. Butoyi anaamka vidole vimekauka kama vijiti. Umeme unaliwa, naona unavyoliwa.

Fundi ameuliza kwa simu, chumba kina dari? Hakina. Juu ya ukuta, chini ya bati, tumeacha nafasi kama nyumba zote za huku, moshi upite. Akasema namba ni ya chumba kilichofungwa. Joto likipata pa kutokea, ni kujaza pipa lililotoboka, hata uchote kwa ndoo kubwa namna gani. Tuzibe kila tundu.

Baba Bukuru ameacha matofali yake, anapigilia mbao za dari. Ana mafua. Anapigilia tu.

Jumatano, 25 Juni

Dari ipo. Baridi ipo.

Jumatatu Butoyi alizidiwa, tukampeleka hospitali, dripu, dawa ya maumivu. Leo karudi. Uso umebaki macho. Baba Bukuru amesema namba imetudanganya. Hajasema kwa hasira, ndiyo iliyoniumiza. Amempigia Damiani. Safari ni Jumamosi ya tarehe tano.

Nimezunguka chumba kizima kutafuta tundu, nimepitisha kiganja ukutani kote. Hakuna. Nimeziba hata chini ya mlango kwa khanga. Dirisha nimeliacha wazi upana wa kiganja nyuma ya pazia, kama siku zote. Dirisha si tundu, dirisha ni dirisha. Mama yangu kule Kitahana alitulea na neno hilo: moto haufungiwi ndani. Kulikuwa na majirani waliolala na jiko la mkaa, wakafunga kila kitu kwa ajili ya baridi. Asubuhi wakatolewa mmoja mmoja. Nilikuwa mdogo. Niliwaona.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefua nguo zake. Nimezikunja kwenye begi. Sweta nimelitoa, Dar halina kazi. Nimelirudisha.

Jumanne, 1 Julai

Butoyi alikuwa amelala mchana, mimi nachambua maharage mlangoni. Akaniita.

"Mama, pazia linapumua."

Nikamwambia ni upepo wa dirishani. Akanyanyuka, akalisogeza pazia, akaliona dirisha. Akauliza nani anafungua. Nikasema mimi. Tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Kwa nini? Nikamweleza moto haufungiwi ndani.

Akaanza kucheka, akashika mbavu, zinamuuma na bado anacheka. "Mama yangu. Huu si moto. Hakuna kinachoungua humo."

Akanivuta mkono mpaka nje, kwenye lile sanduku la ukutani. Linatema upepo baridi, baridi kuliko hewa yenyewe. Akasema joto linachukuliwa hapa nje linapelekwa ndani. Hakuna mkaa, hakuna moshi. Mchukuzi, kama alivyosema fundi.

Nikaketi kwenye ngazi. Mzigo wote ule. Anauingiza, mimi nautoa dirishani.

Nimesema nitalifunga. Mkono haukutaka.

Jumatano, 2 Julai

Nimelifunga. Sikulala, nilikaa mlangoni kwake nasikiliza pumzi. Zilikwenda, zikarudi. Fundi amesema kwa simu hakuna hatari, mchana nipitishe hewa. Sawa. Lakini mimi nimeona watu wanatolewa nyumbani, yeye hajaona.

Alfajiri nikaingia. Chumba kina joto la kuku aliyeatamia. Butoyi blanketi kalipiga teke, mguu nje. Nikaugusa. Wa moto.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya pili hana maumivu. Nimemwambia Baba Bukuru habari ya dirisha, nikasubiri anigombeze. Hakunigombeza. Asubuhi aliingia kwa Butoyi na koti lake la tanuruni, akaketi kitandani. Baadaye akalivua. Wakaongea kuhusu mbuzi. Akalikunja koti magotini, akauliza kama anataka kwenda Dar. Butoyi akasema mjomba atafute mtu mwingine wa kumuoshea vyombo.

Baba Bukuru akatoka. Akasema kule tanuruni kuna matofali yamepasuka. Nikajua hatakwenda kituo cha basi.

Najua Julai haijaisha. Najua ugonjwa huu hauponi kwa mashine. Najua.

Jumamosi, 5 Julai

Basi limepita, tumeisikia honi yake.

Nimetoa nguo kwenye begi. Bibi ameamka, mgongo ni ule ule. Baba Bukuru yupo. Mbuzi bado anakohoa. Butoyi amelala, nimemwacha.

Nimekwenda nyuma ya nyumba. Kuku wamehama, hawataki ule upepo. Mimi nimesimama pale chini ya sanduku na kikombe cha chai. Linapuliza mpaka miguuni, vidole vimeganda. Nimesimama tu.

Nimemwandikia Damiani: Mtoto haji. Mashine inatosha. Msalimie wifi na watoto wote. Nijibu upesi nijue umeupata ujumbe.