Mkweo na Amri Zake za Benki

Magongo, Changamwe

Baba yangu,

Shikamoo. Nakubusu mikono kwa mbali, na mama nambusu kichwa. Vipi mguu wako, uvimbe umepungua? Na mama bado anasuka ukili mpaka macho yanamtoka machozi? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Ile homa imeniacha, nimebaki na uzima wangu na ulimi wangu. Huo ulimi ndio utakaousikia leo, nawe unisamehe mapema, maana nina mambo ya kusema juu ya mkweo na sitayatia sukari.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniandikia kuwa Omari, fundi magodoro, amekuletea posa nawe umeikataa, kwani mimi bado ni mke wa mtu. Umesema, "Mwanamume anayekulisha hajakuacha. Rudi kwa Rashidi." Baba, nililia, kisha nikacheka, kisha nikakasirika. Rashidi ananilisha! Hebu nikueleze Rashidi anavyolisha watu, maana huko Tanga mnamdhania mtu.

Bwana huyu ni karani kwenye matangi ya mafuta, na mshahara wake hajui hata rangi yake. Kampuni haimpi mkononi. Inaupeleka moja kwa moja benki, kule mjini, ukaandikwe kwenye hesabu yake. Naye, tangu tulipohamia hapa Magongo, aliiandikia benki amri: kila mwisho wa mwezi mpeni mwenye nyumba kodi yake, duka la Jivan matumizi ya mke, duka la gramafoni fungu lao, chama cha maziko mchango wao. Wote hao nao wana hesabu zao benki, kwa hiyo fedha inahama kutoka jina hili kwenda jina lile bila mtu kunyanyuka kitini. Watu wa bima ndio usiseme. Hao kawapa ruhusa kwa sahihi yake, siku yao ikifika wanadai benki wenyewe, wala hawamuulizi. Matajiri wanaipenda sana njia hii, wamepona kutuma watu kubisha hodi na kuambiwa njoo kesho. Amri ikishatiwa sahihi inakwenda hivyo hivyo, mwezi hata mwezi, mpaka mwenyewe aende kuifuta. Na fedha isipokuwamo, benki hukataa kulipa na kumtoza gharama juu yake.

Sikatai, kwa kodi ya nyumba ni njia nzuri. Lakini mkweo kaifanya dini. Jioni anakaa barazani na tai shingoni, joto lote hili la Changamwe, anawahubiria wapita njia: "Uhuru ukifika hapa kama ulivyofika Tanganyika, hakuna atakayeshika fedha mkononi. Mtu mstaarabu mambo yake yanakwenda yenyewe." Yanakwenda yenyewe! Hilo ndilo neno lake asubuhi na jioni. Nikimwambia paa linavuja, mambo yanakwenda yenyewe. Mvua nayo ikawa inakwenda yenyewe, mpaka kitandani.

Siku mtoto wa jirani alipofariki, nilimwomba chochote tupeleke msibani. Akaniambia mambo ya maziko keshayalipa benki. Ala! Mtoto wa watu hajazikwa, yeye anazungumza benki! Nikamwambia, "Rashidi, wewe huna mikono, una sahihi tu." Kwa neno hilo, mbele ya watu wawili, akaniacha talaka moja, akafunga sanduku lake akaenda kukaa kwenye nyumba za kampuni.

Basi, kimya. Eda nikaikaa humu humu ndani. Hakuja, hakutuma salamu, hakutamka kuwa amenirejea. Katikati yake homa ikaniangusha, nikawa sijui mchana wala usiku. Aliyenikanda na kuninywesha uji ni Bi Mwanaisha, mama yake huyo Omari, tunapakana ukuta. Jivan mwenye duka alimwambia Rashidi kwa mdomo wake kuwa niko hoi. Akajibu, "Kwani matumizi hayafiki?" Yalifika, Baba. Mchele uliletwa, sukari ililetwa, nami sina nguvu ya kuinua kifuniko cha sufuria. Niliogopa kufa peke yangu, nakwambia kweli, na nilikuwa nakuita wewe.

Eda ikaisha, nikapona, Omari akaleta posa kwako. Hapo ndipo mkweo akazinduka. Fundi magodoro, mtu asiyejua hata mlango wa benki uko upande gani, amtake mwanamke aliyekuwa wake! Akauzunguka mtaa mzima akisema alinirejea zamani, ushahidi uko benki. Maneno yakafika mpaka Tanga, nawe ukamwamini. Nikaona nikinyamaza nitazeeka hivi hivi, si mke wala si huru, nikampeleka kwa kadhi.

Ungemwona alivyoingia, viatu vinalia, karatasi ya benki kaikumbatia kifuani kama hirizi! Kadhi akamuuliza, "Ulimrejea kwa maneno gani?"

"Maneno sikusema, Sheikh. Lakini matumizi yake hayakukatika hata mwezi mmoja. Tazama mwenyewe."

"Amri hii uliiandika kabla ya talaka au baada yake?"

"Kabla."

"Na baada ya talaka ulikwenda benki ukawaambia nini?"

"Sikwenda, Sheikh. Haina haja. Inakwenda yenyewe."

Karani wa kadhi akainamisha uso kwenye meza, mabega yanamtikisika. Kadhi mwenyewe hakucheka. Akasema, "Matumizi ya eda ni haki yake, si hisani yako. Yaliyokuja baada ya eda ni zawadi, au ni uzembe. Rujuu hutamkwa, bwana. Kwa haya unayonieleza, benki ndiyo iliyomrejea, na benki haioi." Akaamuru iandikwe kwamba eda imekwisha na mimi ni mwanamke huru. Hati ninayo, nimeifunga kwenye kanga.

Mambo yangekomea hapo ningekuandikia kwa furaha tupu. Lakini kadhi alikuwa bado ameishika ile karatasi ya amri, akawa anaipitia mpaka chini: nyumba, Jivan, gramafoni, maziko. Akasimamisha kidole. "Na huyu Hamisi bin Juma wa Tanga ni nani?"

Rashidi akasogea, akakunja uso. Akafikiri, Baba. Nilimtazama akifikiri. Akasema, "Huyo nadhani ni fundi aliyenitengenezea kabati, Sheikh. Deni lake lilikwisha zamani. Nitakwenda kumfuta."

Nikasema, "Ni baba yangu." Na yeye unajua alisema nini? Alisema, "Aa."

Wallahi nilitaka kukuficha. Najua kila mwezi unajikokota na mguu huo mpaka duka la yule Mwarabu, kwa sababu ndiye mwenye hesabu ya kupokelea, naye anakupa na kukwambia, "Mkweo amekukumbuka." Najua unamwombea dua papo hapo dukani, watu wakiitikia amina. Aliandika jina lako mara moja, wiki ya harusi, akitaka sifa, na tangu siku hiyo hakulifikiria tena. Mtu huyo ndiye uliyeniambia nimrudie. Kesho yake alikwenda benki akaifuta amri yako. Ya gramafoni ameiacha.

Sasa ombi langu. Wewe ndiye walii wangu, bila ya neno lako siolewi. Njoo mwenyewe uniozeshe, na mguu ukikataa, mweke kadhi awe wakili wako. Lakini usilifanye jambo la kwenda lenyewe. Mtazame Omari, muulize maswali, na ukiona hafai mkatae kwa kinywa chako, nami nitakutii. Fedha usiiwazie. Nashona kofia, na fungu lako nitampa mjomba kila akija Tanga, alitie mkononi mwako.

Mama mwambie asilie, mwanawe hakuachwa, ameachiliwa. Shangazi mwenye kisima nampa shikamoo, na mdogo wangu wa chuoni aniandikie kwa hati yake nione kama anajifunza. Na umsalimie yule Mwarabu wa duka. Akikwambia mwezi huu mkweo hakukukumbuka, mjibu kwamba hakukukumbuka hata siku moja.

Mimi mwanao, naliandika jina lako zima juu ya bahasha hii,

Zuhura binti Hamisi bin Juma