Swichi Kuu ya Kanisani

Wewe, bado siamini nilichokiona leo. Kaka nusura ashindwe kuwasha taa za kanisa.

Unakumbuka kwamba zamani aliwasha umeme bila kuuliza kama kuna mtu juu ya ngazi, na fundi mwenzake akafa. Alitubu, padri akamwondolea dhambi, mama wa marehemu akamsamehe mbele ya watu. Tangu hapo anafunga nyaya vizuri kuliko mafundi wote, ila swichi kuu humwachia mtu mwingine.

Leo tulipomaliza nyaya tulikuwa mimi, yeye, na mama huyohuyo akipiga deki mbele ya altare. Kaka akaenda kwenye swichi mwenyewe, akaita, "Nani yuko juu?"

Hakukuwa na mtu juu. Ngazi tulikuwa tumeshailaza chini. Akaita tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka.

Nikasema niwashe mimi. Mama akanikatiza. "Mwache. Mwanangu, Mungu kakusamehe, nami nimekusamehe. Unamngoja nani mwingine?"

"Mama, namsikia anapanda."

Ndivyo alivyosema. Namsikia anapanda.

Mama hakubishana naye. Akaweka ndoo chini, akaizunguka ile ngazi, akaangalia dari kona kwa kona, akarudi. "Nimemtafuta mimi niliyemzaa. Hayupo humu. Washa."

Akawasha. Taa zikawaka, naye akateleza ukutani hadi sakafuni.

Watu wa ibada wamewakuta hapohapo, mama kaushika ule mkono uliowasha swichi, kaka anamwambia, "Usiniachilie kwanza."