Doa Lisilotoka kwa Thina

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi nimekonda. Mke wangu anasema siku hizi suruali ndiyo inanivaa.

Nina neno. Mwezi uliopita niliona doa jeupe kwenye kidole gumba. Fundi rangi akiona doa jeupe, anaona rangi. Nililisugua kwa thina wiki nzima, ndipo nikagundua nausugua mkono wangu mwenyewe. Sasa yako matano. Na anayenunua thina ni Brashi, mshirika wangu wa kazi kwa miaka kumi na tisa. Siku hizi ananitazama mikono, halafu anageuza uso. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia tugawane ngazi, kila mtu ashike njia yake.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, magoti tu.

Brashi anashika thina hiyo hiyo na hana doa. Usiniambie huo ndio ushahidi, nakujua. Unakunywa maji kiasi gani? Msalani unakwenda mara ngapi? Mama alianza hivyo hivyo: mabaka mdomoni, kisha kiu, akakonda. Tukamshuku jirani aliyemletea maziwa, mpaka tukamzika Mama, na jirani akaogopa kuja mazikoni. Kapime sukari.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Maji nakunywa ndoo, lakini jua kali. Doa la mkononi na sukari vinajuana wapi? Naona Brashi amekuandikia. Kila siku anapita ng'ambo ya barabara akinichungulia. Nitapima nikimaliza nyumba hii.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu, u hali gani? Brashi hajaniandikia. Umepima?

Dada yako

19 Mei

Dada, shikamoo. Nipo.

Nilianguka chini ya ngazi. Aliyenibeba mpaka hospitali ni yule mpelelezi wa ng'ambo ya barabara. Ni kisukari; sasa najichoma insulini. Daktari anasema askari wa mwili wangu wamewashuku raia wema: wameshambulia rangi ya ngozi, kisha kongosho. Si kila mwenye mabaka hupata kisukari, ila magonjwa haya mawili hupenda kuongozana. Kumbe hata damu yangu ina tabia yangu.

Jana nilikwenda kwa Brashi na ngazi yangu begani, kumwomba radhi. Nikaiegemeza ukutani mwake. Akanitazama mikono, kama kawaida yake.

"Ndugu yangu," akasema, "kanawe kwanza, nijue ipi ni rangi na yupi ni wewe."

Mdogo wako