Ukucha wa Dole Gumba

Bhimavaram, 3 Aprili

Mama mpenzi,

Nagusa miguu yako kwa heshima, ingawa kwa mbali. Na mguu wenyewe, umepona?

Mimi mzima, ila vidole. Kutwa tunamenya kamba wabichi kwenye barafu hapa kiwandani. Geti lina kufuli, simu wamezichukua. Barua hii anaitoa muuza maziwa. Ruhusa ya kuja nyumbani Juni, kwa bembea za sikukuu ya Raja, msimamizi amenikatalia. Eti, "Kamba wa Ulaya hawasubiri bembea zenu!" Mama, tumefungiwa kama mbuzi.

Mwanao, Jhunu

Kendrapara, 16 Aprili

Jhunu wangu,

Mguu umepona, roho ndiyo inauma. Tangu uzaliwe hukukosa bembea ya Raja. Huyo msimamizi ni nani? Hata mimi mamako ulikuwa unanijibu, sembuse yeye!

Na huo ukucha wa dole gumba uliofuga, ukate. Nani ataoa panga?

Mama yako

Kendrapara, 18 Mei

Jhunu,

Mwezi mzima kimya. Hata chakula hakishuki. Niandikie neno moja tu.

Mama

Bhimavaram, 25 Mei

Mama!

Nisamehe. Muuza maziwa alikamatwa akiwa na barua zetu, akafukuzwa. Ile yako ya Aprili msimamizi aliifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya banda zima ili niaibike. Maneno yako ya ukucha yalimchekesha mpaka machozi.

Sasa sikia. Jana walikuja wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo. Asubuhi msimamizi akafungua kufuli, akatugawia glovu mpya, akatukaririsha: "Tunavaa kila siku, geti huwa wazi." Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akasema tu, "Haya, menyeni nione."

Mama, bila ukucha kamba hamenyeki! Kufumba na kufumbua, glovu zote zimetobolewa na kucha zetu za dole gumba. Msimamizi akacheka, akacheka peke yake.

"Kweli mnavaa kila siku?" akauliza yule mkaguzi.

Nikasimama, nikasema yote: kufuli, simu, ruhusa. Shangazi Pramila, ninayemenya naye meza moja, akasimama. Kisha banda zima. Wanunuzi wakakataa kupakia hata katoni moja mpaka tufunguliwe.

Leo kufuli limekatwa kwa msumeno mbele yetu, na ruhusa zimebandikwa ukutani, jina langu likiwa juu kabisa. Tumepiga vigelegele hadi sauti zimekauka! Simu nimerudishiwa imekufa, ndiyo maana naandika. Tarehe kumi na mbili Juni napanda treni.

Mwanao, Jhunu

Kendrapara, 2 Juni

Jhunu, mwanangu jasiri,

Nimelia, nikacheka, nikaunguza wali. Baba yako ameshafunga bembea.

Huo ukucha, ole wako uukate! Kijiji kizima kinausubiri.

Mama yako