Tochi Aliyoogopa Kuiangusha

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Huku Kengeja sote wazima, na mamako kaanza kuchimba muhogo. Umeniuliza uniletee tochi ipi ya plastiki.

Nilipokuwa mkunga kijana, mwenye duka mmoja wa mjini Chake alinisifia tochi moja inayong'ara. "Bi, hii haivunjiki."

Nikamtilia shaka. "Basi iangushe wewe."

Akaikumbatia kwa mikono miwili. Kisha akatoa nyengine, nzito, imepauka, akaibwaga sakafuni. Ikawaka. Nikainunua hiyo, na kwa miaka mingi nikapokea watoto kwa mwanga wake.

Nunua ile ambayo muuzaji haogopi kuiangusha. Yule bwana sikumchukia. Mdomo wake ulinidanganya, mikono ikashindwa kudanganya.

Bibi yako akuombeaye,
Bi Mwanakombo